Wimbo Waliouharibu Redioni

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha nyuzi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kinasa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na wale wanangu wawili ambao, kama picha haziongopi, sasa wanakupita urefu. Mgongo wako je? Mara ya mwisho kwenye simu ulisema unakubana ukiinama, halafu mtandao ukakatika kabla sijakuuliza unainama kuokota nini. Baridi ya huko imepungua? Unakula? Usinijibu kwamba unakula. Niambie unakula nini na saa ngapi, ndipo nitaamini.

Mimi ni mzima. Macho yananisumbua kutunga uzi kwenye sindano na magoti yanalalamika nikisimama, lakini hayo ndiyo mambo ya mtu aliyekula chumvi nyingi, hayana dawa wala haraka. Cherehani nayo ni nzima. Bado nashona sare za shule, ila siku hizi wengi wananunua zilizo tayari, kwa hiyo kazi inayonifikia zaidi ni kupunguza, kuongeza na kubadilisha zipu.

Utashangaa nakuandikia barua wakati simu ipo. Simu yetu mimi na wewe unaijua. Wewe unasema halo, mimi nasema halo, tunaulizana hali, kila mtu anasikia mwangwi wake mwenyewe, tunaagana. Nikishakata tu ndipo nakumbuka yote niliyotaka kusema. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza, na jambo nililo nalo safari hii ni refu kidogo.

Nyumba imekuwa kubwa, Kinasa. Tangu shemeji yako atutoke nimefunga vyumba vya nyuma, natumia cha mbele na jikoni basi. Mpwa wako ananipigia mara kwa mara na mume wake ni mtu mwema, lakini wako mbali na wana watoto wadogo, siwezi kuwaita waje wanitazame nikinywa chai. Zamani nilidhani upweke ni kukosa watu. Kumbe watu wanaweza kuwepo, wateja wanaingia na kutoka mchana kutwa, na bado ukawa mpweke. Ninachokosa ni mtu wa kubishana naye. Shemeji yako hakujua lolote kuhusu muziki, Mungu amrehemu, lakini alikuwa akinibishia hivyo hivyo, kwa heshima yangu tu. Sasa nikisema neno, linabaki palepale nilipolisema.

Ndiyo maana nimerudi kwenye redio. Kuna kituo hapa kimeanzisha kipindi cha Jumamosi alasiri. Wanachagua wiki moja ya miaka ile yetu, wanachukua nyimbo kumi bora za wiki hiyo, wanazipiga kuanzia ya kumi hadi ya kwanza kama zilivyotangazwa wakati ule. Saa ileile, Kinasa! Mtangazaji mwenyewe, kwa sauti yake tu, alikuwa hajazaliwa, na anazizungumzia nyimbo zetu kama anayesimulia habari za wafalme wa kale. Mimi nakaa kwenye cherehani yangu, nasikiliza, nahukumu. Nne! Sita! Hii ondoa! Nasema kwa sauti kabisa, maana siwezi kuacha, na hakuna anayeniuliza kwa nini.

Sheria zetu nadhani hujazisahau. Alama zinatolewa wimbo ukiisha, si kabla. Hukumu ikishatamkwa haibadiliki mpaka kaburini. Na wimbo unaporekodiwa, hakuna kuongea, hakuna kukohoa, hakuna kufungua mlango. Wewe ulikuwa na kidole chako kwenye kitufe, ndiyo ukaitwa Kinasa. Mimi nilikuwa mezani na alama zangu, ndiyo nikaitwa Jaji. Mama alikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango, na akishasukuma komeo hata mbunge asingeingia. Hatukuwa na waya wa kuunganisha redio na ile mashine ya kurekodia kanda, tulizielekeza uso kwa uso juu ya meza, kwa hiyo chochote kilichopumua humo chumbani kilikwenda kwenye kanda pamoja na wimbo.

Basi ngoja nikupe hukumu zangu za sasa, maana huku hakuna anayezitaka.

Ule wimbo wa bwana anayelia chini ya dirisha, uliokaa namba moja mpaka watu wakauzoea kama bili ya maji. Mama aliupa tisa, mimi nikaupa tatu, mama akaninunia mpaka kesho yake. Nimeusikia tena sasa, mjane mtu mzima, nikajiambia labda ujana ndio uliniponza. Hapana. Ni tatu. Bwana yule analia vizuri mno. Mimi nimefiwa, najua. Huzuni inakukaa kooni, hata salamu haipiti, wewe utapata wapi pumzi ya kupanda sauti ya juu namna ile halafu uikalie, huku wapiga tarumbeta wamesimama nyuma yako wanangoja zamu? Yule hakuwa na huzuni, alikuwa kazini. Simlaumu, kila mtu na kazi yake.

Wale mabinti watatu wa kupiga makofi, niliwapa tano. Sasa nakiri walistahili tisa. Sauti zao zinaingiana kama vidole vya mikono miwili, na kuna pale mmoja anacheka kidogo kabla ya kiitikio, akiwa amesahau kwamba anarekodiwa. Niliwapa tano kwa sababu niliona picha yao kwenye gazeti na mabega ya magauni yao yalikuwa yameshonwa hovyo. Lakini sheria ni sheria. Tano yao inabaki, na mimi nasikitika.

Tuje kwenye ule wa kwako, uliokuwa na radi. Unaujua. Miaka ile kila bendi ilikuwa imenunua kinanda cha umeme, na wakiona kitufe lazima wakibonyeze: upepo, radi, vioo kuvunjika, paka. Mwimbaji mwenyewe unamsikia anapita kwa mbali kama mgeni aliyepotea sokoni. Uliupa kumi, nikakucheka, na nimeendelea kukucheka mpaka nywele zimenipauka. Sasa sikiliza, na usimwambie mtu. Wiki chache zilizopita waliupiga, na mimi nilikuwa nimeacha kushona, nashikiza kifungo cha shati kwa mkono. Nikasikia gitaa la besi chini ya zile kelele zote. Yule mpiga besi anafanya kazi yake taratibu, hana habari na radi. Nikaacha shati. Ulikuwa sahihi, mdogo wangu. Ungekuwepo ningekwambia usoni, halafu ungenitania wiki nzima, na ningefurahi.

Jambo moja siwezi kulisamehe katika nyimbo za wakati ule, hata zile nzuri. Zilikuwa haziishi. Zinafifia. Wanaimba kiitikio, wanakirudia, wanakirudia, na huku mtu anapunguza sauti kidogo kidogo mpaka hujui tena kama wapo au wameshaondoka. Wimbo wa watu wenye adabu unaaga: ngoma, kinanda, basi. Huu wa kufifia unakuacha umeinamisha sikio kwenye redio kama mjinga. Simsemi mtu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Jumamosi ya wiki iliyopita, sio hii ya jana, namba moja ilikuwa Wimbo wa Treni. Nilipasuka kwa kicheko. Wimbo mbovu kuliko yote tuliyowahi kurekodi! Mwanamume amechelewa treni, na badala ya kuulizia nyingine, anasimama anaisifia ile iliyomwacha: rangi yake, magurudumu yake, honi yake. Niliupa mbili. Ulishika namba moja wiki moja tu, ukateremka, ukapotea, sikuwahi kuusikia tena popote isipokuwa kwenye kanda yetu. Lakini kwenye kanda yetu niliusikia mara zisizo na idadi, maana ulikuwa unaupenda na kanda ilikuwa haipumziki. Hivyo naujua kama njia ya kwenda jikoni. Na miaka yote nimekuwa nikisema, wimbo ule una kitu kimoja tu kizuri. Baada ya ubeti wa pili gitaa linashuka, panakuwa na kimya, na katika kimya kile panagongwa: mara tatu za haraka, kisha kutulia, kisha moja. Kama mtu aliyesahau kitu akakikumbuka. Halafu kiitikio kinarudi. Nilikuwa nikisema, yeyote aliyefikiria kugonga kule alikuwa na akili kuliko bendi nzima.

Basi nilipousikia nikaacha kazi. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Gitaa likashuka. Nikainua kidole nigonge pamoja nao juu ya meza. Kimya. Kiitikio.

Wameukata! Nilipandwa na hasira ambayo sikuwa nayo tangu tulipogombana na fundi bomba. Wana namba ya simu wanayoitangaza kila baada ya matangazo ya biashara. Nikapiga, na kwa bahati mbaya wakaniunganisha moja kwa moja hewani.

"Mama, wimbo tumeupiga wote, kama ulivyotoka studio," mtangazaji akaniambia, kwa upole kabisa.

"Usinifundishe mimi. Pale baada ya ubeti wa pili kuna kitu mmekitoa. Ko-ko-ko, halafu ko."

"Ngoma hiyo, mama?"

"Si ngoma! Ni mbao. Huwezi kutofautisha mbao na ngoma, na umepewa redio?"

Akacheka, lakini hakunidharau. Akasema atautafuta kwenye santuri yenyewe ya zamani. Akaipata, akakipiga kile kipande tena, mikwaruzo na yote. Gitaa likashuka. Kimya. Kiitikio. Kisha akasoma ujumbe wa wasikilizaji waliokuwa wamevunjika mbavu, mmoja akisema huyo bibi aangalie, huenda jirani yake anapigilia misumari. Nikazima redio. Nikanuna, na kununa bila mtu wa kumnunia ni kazi bure.

Nilikuwa bado nimeshika tama pale mezani, mlango ukagongwa. Komeo lilikuwa limefungwa, maana siku ya kipindi bado nalifunga, mkono wenyewe umezoea. Alikuwa yule kinyozi jirani, uliyesoma naye darasa moja, ambaye siku hizi ana kipara na bado ananyoa wengine. Alikuwa amenisikia redioni yeye na wateja wake wote, akaacha kichwa cha mtu nusu, akaja kunicheka uso kwa uso. Akagonga. Na mimi nikasikia mbao ileile.

Sikuinuka. Nikamwambia kwa sauti, "Gonga tena."

"Dada, si ufungue kwanza?"

"Nimesema gonga. Mara tatu haraka. Tulia. Kisha moja."

Akadhani nimeanza kuchanganyikiwa, lakini alinitii, amezoea kunitii tangu utotoni. Akagonga nilivyomwambia. Kinasa, sikuweza kwenda kumfungulia. Nilimwacha nje, nikabaki nautazama mlango. Ni mlango wetu. Hakuna kilichokatwa katika wimbo ule. Miaka yote nimekuwa nikiisifia bendi kwa mkono wa baba.

Baada ya hapo yote yakanirudia, kama vile yalikuwa yananingoja nje. Ilikuwa zamu yake ya mchana pale kiwandani na mashine moja ilikuwa imeharibika, wakaachiwa mapema. Sisi hatukumtegemea. Akagonga katikati ya wimbo, mara tatu, na kwa kuwa hakuna aliyejibu akaongeza moja. Wewe ulikuwa na kidole kwenye kitufe na macho yamekutoka. Mimi nilifumba mdomo kwa mikono miwili. Mama akaangalia mlango, akakuangalia wewe, akaweka kidole midomoni, akabaki kwenye kiti chake. Mumewe yuko nje ametoka kazini, na yeye ameshika sheria! Baba naye lazima aliisikia redio kupitia dirishani, akaelewa, maana hakugonga tena. Wimbo ulipokwisha mama akavuta komeo. Tukamkuta ameketi kwenye ngazi, viatu ameshavua ameviweka magotini, nyuzi nyeupe za kiwandani zimemjaa kichwani. Akainua uso akauliza, kwa adabu kabisa kama mgeni, "Wimbo umeisha? Niingie?"

Tulicheka mpaka mama akakaa chini. Kuanzia siku ile akikuta komeo limefungwa Jumamosi hakugonga tena, alikuwa anakaa ngazini mpaka tumalize. Na sisi tukaanza kuulizana hivyo kwa kila kitu. Mtu akiwa bafuni, wimbo umeisha, niingie? Kumbe nimeyasema maneno hayo maisha yangu yote, hata kwa shemeji yako, hata kwa wateja wanaokawia kwenye chumba cha kujaribia nguo, na nilikuwa nimeshasahau yalitoka wapi.

Baba hakuishi sana baada ya hapo, unajua mwenyewe. Na hapa ndipo panaponiuma. Namkumbuka yote. Nakumbuka harufu ya mafuta ya mashine kwenye kola yake, nakumbuka alivyokuwa anakunja gazeti mara nne, nakumbuka kucha ya dole gumba iliyopondwa. Picha zake zipo ukutani. Lakini sauti yake sinayo. Nimejaribu wiki hii nzima. Nayasema yale maneno, wimbo umeisha, niingie, na kila mara yanatoka kwa sauti yangu. Sijui wewe unayo. Nikifikiria kwamba huenda na wewe huna, basi, na mama naye hayupo, duniani hakuna tena anayejua baba alikuwa anasikikaje.

Kanda unayo wewe. Ulipoondoka uliondoka na boksi zima, na nilikuruhusu kwa moyo mweupe, ulikuwa unakwenda mbali na mimi nilibaki na nyumba. Ni ile ambayo kasha lake lilipasuka kona, mama akalibandika kipande cha utepe wa kupimia nguo nilichokuwa nimekikata vibaya. Wimbo wa Treni ni wa mwisho upande wa pili. Sasa nisikilize vizuri. Kwenye kanda ile kuna kugonga kwake, hilo sina shaka nalo. Lakini hatujawahi kuyajua yaliyo baada yake, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nageuza kanda, na niliuchukia wimbo ule kiasi kwamba ulipokuwa unaanza kufifia tu mkono wangu ulikuwa umeshafika. Hatukuwahi kuiacha ikimbie mpaka mwisho. Mama alifungua mlango mara tu wimbo ulipokwisha. Baba aliuliza papo hapo. Ulikuwa umeshabonyeza, Kinasa, au ulikuwa hujabonyeza?

Nilikuwa nakusifia kwa kila mtu kwamba mdogo wangu ana kidole chepesi, hakawii hata nukta. Wiki hii naomba usiku na mchana iwe siku ile ulikawia.

Mashine ninayo. Ilikuwa juu ya kabati, imefungwa kwenye shuka. Nimeipeleka kwa fundi redio wa pale kwenye kona ya posta, akapuliza vumbi, akabadilisha ule mkanda wake wa mpira uliokuwa umeyeyuka kama gundi, na sasa inazunguka. Aliniuliza nina kanda ya kujaribia, nikamwambia ninayo ila iko ng'ambo. Akaniangalia kwa jicho la pembeni.

Jambo jingine ni la mlango wenyewe. Mchwa wameula chini, na nilikuwa nimeshapatana na seremala aung'oe aweke wa chuma, alikuwa aje Jumatatu iliyofuata. Amekuja na vipimo vyake na mimi nikamgeuzia kibao. Nimemwambia akate kile kipande cha chini kilichooza atie kipya, na mbao ya juu asiiguse, hata rangi asipake. Amesema mlango wa namna hiyo hauzuii mwizi. Nimemwambia sijauweka kwa ajili ya mwizi.

Jana, Jumamosi, mtangazaji yule alinipigia kabla ya kipindi kuuliza kama nimeshapata jibu la mbao. Nilimweleza yote. Kisha akauliza kama anaweza kuyasimulia hewani. Nikamwambia hapana, kuna mtu mmoja anatakiwa ayasikie kwanza.

Najua utakavyojibu. Utasema, Jaji, nitairekodi kwa simu nikutumie leo leo. Usinitumie. Mara ngapi umenitumia sauti yako kwa simu, nikaisikiliza peke yangu jikoni, ikaisha, nikabaki namwangalia nani? Sitaki kumsikia baba namna hiyo. Kama amesema, tumsikie wawili. Kama hakusema, nitahitaji mtu wa kumlaumu, naye awe karibu. Wala usiitie kwenye posta, posta itaipoteza. Na nakuomba sana, usiisikilize wewe peke yako huko. Mashine iko huku, kanda iko huko, na mimi nimechoka kuambiwa mwakani.

Kila mwaka unasema mwakani, na sijawahi kukubana. Nilijua una kazi, una watoto, una nyumba ya kulipia. Nilijikaza nikasema niko sawa, na mwanzo nilikuwa sawa. Sasa siko sawa, Kinasa. Nakaa na redio nikizipa alama nyimbo za watu waliokwishakufa, na siku nzima inapita bila mtu kuniita jina ulilonipa. Nimekukumbuka. Hilo ndilo jambo refu nililokuwa nalo, mengine yote yalikuwa salamu.

Msalimie wifi yangu, mwambie gauni lake nimeshalikata, kilichobaki ni yeye aje nilipime mwilini mwake. Wasalimie wanangu, waambie shangazi yao anaomba wakupe ruhusa. Mpwa wako na mumewe wanakusalimu, na mtoto wao wa mwisho ameanza kutembea. Kinyozi anakusalimu pia. Anauliza kama na wewe nywele zimekukimbia, maana hataki kuwa peke yake.

Mungu akuongezee siku, auponye mgongo wako, na akufanyie wepesi mambo ya huko yanayokushika mguu.

Na kama kanda imepotea, au iliharibika, au uliitupa siku moja ulipokuwa unahama, usiogope kuniambia, sitanuna. Njoo mikono mitupu. Ukifika siku ya Jumamosi utakuta komeo limefungwa na redio inasikika mpaka barabarani. Usikae ngazini. Gonga. Hata uwe wimbo wa namba moja, hata uwe katikati ya ubeti wa pili, safari hii nitafungua.

Wako akupendaye na akungojaye,

Dada yako,
Jaji